Majirani Mahasimu na Silaha za Nyuklia: Funzo la India na Pakistan

Kila tarehe 1 Januari, Mama Kanisa anapoadhimisha Sherehe ya Bikira Maria Mama wa Mungu na Siku ya Kuombea Amani Duniani, jambo jingine hufanyika mjini New Delhi na Islamabad. Wanadiplomasia wa India na Pakistan, nchi mbili ambazo zimepigana vita mara kadhaa, hukabidhiana orodha ya vituo vyao vya nyuklia ili kila upande ujue ni mahali gani umeahidi kutopashambulia. Desturi hiyo ilianza mwaka 1992. Ni tendo dogo, lakini linatusaidia kutafakari swali zito: amani kati ya majirani mahasimu wenye silaha za maangamizi inasimama juu ya nini, juu ya hofu au juu ya ahadi zinazotimizwa?

Chimbuko la uhasama

Agosti 1947, Bara Hindi lilipopata uhuru kutoka kwa Uingereza, liligawanywa kuwa nchi mbili. Mamia ya maelfu ya watu waliuawa na zaidi ya milioni 10 waliyahama makazi yao. Eneo la Kashmir lilibaki likigombaniwa, na hadi leo limegawanyika baina ya pande hizo mbili. Vita vilizuka mwaka 1947, 1965 na 1971.

India ilifanya jaribio lake la kwanza la nyuklia huko Pokhran tarehe 18 Mei 1974. Mnamo Mei 1998 ilifanya majaribio mengine, na kabla mwezi haujakwisha Pakistan nayo ikajibu kwa majaribio yake katika jimbo la Balochistan. Wataalamu wanakadiria kuwa leo kila moja ina vichwa vya nyuklia vipatavyo 170 au zaidi. Hakuna hata moja kati yao iliyotia sahihi Mkataba wa mwaka 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo.

Hofu haikuleta utulivu

Wapo wanaosema kwamba silaha za nyuklia huleta utulivu, kwa kuwa kila upande unaogopa kuangamizwa. Historia ya nchi hizi inaonyesha upungufu wa hoja hiyo. Februari 1999 Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, alisafiri kwa basi hadi Lahore, akatia sahihi tamko la amani pamoja na mwenzake Nawaz Sharif. Miezi michache baadaye nchi hizo zilikuwa zikipigana katika milima ya Kargil. Mwaka 2002 majeshi yao yalikabiliana mpakani kwa miezi mingi, baada ya Bunge la India kushambuliwa Desemba 2001. Februari 2019 ndege za kivita zilivuka mstari unaoigawa Kashmir, kufuatia shambulio la Pulwama lililoua askari 40 wa India.

Tarehe 22 Aprili 2025 watu 26, wengi wao watalii, waliuawa huko Pahalgam, Kashmir. India iliishutumu Pakistan kwa kuhusika, Pakistan ilikanusha. Mei 7 India ilifanya mashambulizi ndani ya Pakistan, na kwa siku nne makombora na ndege zisizo na rubani zilirushwa kutoka pande zote mbili, hadi mapigano yalipositishwa Mei 10. Hofu, basi, huenda imezuia vita vikubwa, lakini haijazuia damu kumwagika. Na kila pigano dogo linaweza kuwa mlango wa kubwa.

Hatari hii huongezeka kwa sababu ya ujirani wenyewe. Kombora huchukua dakika chache tu kuvuka mpaka, hivyo viongozi hawana muda wa kuthibitisha habari wala kushauriana. India imetangaza kwamba haitakuwa ya kwanza kutumia silaha za nyuklia. Pakistan, ambayo jeshi lake la kawaida ni dogo kuliko la jirani yake, haikutoa ahadi hiyo. Aidha, kosa la kibinadamu halikosekani. Tarehe 9 Machi 2022 kombora la India lilirushwa kwa bahati mbaya, likaangukia karibu na mji wa Mian Channu nchini Pakistan. Halikuwa na kilipuzi, wala halikuua mtu. Lingeanguka katikati ya mapigano, nani angeamini kwamba ni ajali? Wahenga walisema kweli kwamba vita havina macho.

Ahadi ndogo zinazotimizwa

Hata hivyo, zipo nyuzi zinazowaunganisha mahasimu hawa. Makubaliano ya kutoshambulia vituo vya nyuklia yalitiwa sahihi Islamabad tarehe 31 Desemba 1988, na orodha zilikabidhiwa hata Januari 2002, majeshi yalipokuwa yamepangwa mpakani. Mwaka 2005 nchi hizo zilikubaliana kuarifiana kabla ya kujaribu makombora ya masafa. Mwaka 2019, rubani wa India aliyekamatwa baada ya ndege yake kuangushwa alirudishwa kwao siku chache tu baadaye, na joto la ugomvi likapungua.

Uzi mwingine ni Mkataba wa Maji ya Mto Indus wa mwaka 1960, uliogawanya mito sita baina ya nchi hizo na kudumu katika vita vyote vilivyofuata. Lakini Aprili 2025 India ilitangaza kuusimamisha. Hilo ni jambo la kuhuzunisha, kwani maji hayo ni uhai wa wakulima wengi wa Pakistan, na uzi ukikatwa ni vigumu kuuunga tena.

Kanisa linafundisha nini?

Mtakatifu Yohane XXIII, katika Waraka wake *Pacem in Terris* wa tarehe 11 Aprili 1963, alifundisha kwamba amani ya kweli haiwezi kujengwa juu ya usawa wa silaha, bali juu ya kuaminiana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika *Gaudium et Spes*, ulilaani kila tendo la vita linalolenga kuangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake, kuwa ni kosa la jinai dhidi ya Mungu na mwanadamu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inarudia fundisho hilo katika namba 2314.

Mtakatifu Paulo VI, alipofika Bombay mwezi Desemba 1964, alizisihi serikali zitenge sehemu ya fedha za silaha kwa ajili ya mfuko wa kuwasaidia maskini. Papa Fransisko alikwenda mbali zaidi: akiwa Hiroshima Novemba 2019 alitamka kwamba hata kumiliki silaha za nyuklia ni kinyume cha maadili. Vatikano ilikuwa imekwisha kuridhia, mwaka 2017, Mkataba wa kupiga marufuku silaha hizo. Naye Papa Leo XIV, katika sala yake ya kwanza ya Malkia wa Mbingu, Mei 11, 2025, alipokea kwa furaha habari za kusitishwa kwa mapigano kati ya India na Pakistan.

Wajibu wetu

Waamini wa Afrika wanao ushahidi kwamba njia nyingine inawezekana. Afrika Kusini iliunda mabomu ya nyuklia, kisha ikayateketeza yenyewe, na mwaka 1993 ikautangazia ulimwengu. Mkataba wa Pelindaba, uliofunguliwa kutiwa sahihi Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, umelifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Tunu hiyo tuilinde.

Tuwaombee watu wa India na Pakistan, hasa wale wa Kashmir, ambao kwao kila mvutano wa wakubwa huishia katika kaburi la mtu wanayemfahamu. Tena tujifunze kwao jambo linalotuhusu sote, katika familia, katika jumuiya ndogo ndogo na kati ya mataifa yetu jirani: kutopendana bado hakutuondolei wajibu wa kutimiza neno tuliloahidi. Kuaminiana huanzia hapo, na bila kuaminiana hakuna silaha iwezayo kumpa mtu usingizi.