Janani Luwum na gharama ya saini moja

Kila Februari ikifika huwa namkumbuka mtu ambaye sikuwahi kumwona. Vijana wengi wa rika langu ukiwatajia jina lake watakuuliza, "Nani huyo?" Anaitwa Janani Luwum. Alikuwa Askofu Mkuu wa Anglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, na aliuawa Februari 16, 1977, enzi za Idi Amin.

Wadau, hadithi za mashahidi wa dini tumezoea kuzisimulia kuanzia mwisho: moto, risasi, kaburi. Kwa Luwum, mimi kinachonigusa zaidi ni yaliyotangulia.

Alizaliwa mwaka 1922 Mucwini, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa mwalimu wa shule alipookoka mwaka 1948, wakati uamsho wa Afrika Mashariki umepamba moto. Alipopewa uaskofu mkuu mwaka 1974, Amin alikuwa ameshatawala miaka mitatu na watu walikuwa wanapotea. Luwum hakuanza kwa kumfokea mtawala. Alikwenda kumwona, akahudhuria shughuli za serikali, akawaombea waliokamatwa. Wapo waliomsema kwamba yuko karibu mno na wakubwa.

Kisha ikaja Februari 1977. Usiku wa manane kuamkia tarehe 5, askari wenye silaha waliingia nyumbani kwake kupekua, wakidai wanatafuta bunduki. Hawakupata kitu. Hapo ndipo mimi na wewe tungesema, "Jamani, yaliyonipata yanatosha," tukafunga mdomo. Yeye na maaskofu wenzake wakakaa, wakaandika barua kwa Amin kulalamikia mauaji, watu kukamatwa ovyo na askari kujifanya wako juu ya sheria. Wakaweka saini.

Sisi waandishi tunajua uzito wa kuweka jina chini ya maneno. Ukishaweka, huwezi kusema hukuwepo.

Tarehe 16 viongozi wa dini waliitwa Kampala mbele ya wanajeshi. Silaha zikaanikwa hadharani, ikasomwa taarifa ya kumhusisha Luwum na njama za Milton Obote, ambaye wakati huo alikuwa uhamishoni hapa kwetu Tanzania. Maaskofu wengine wakaruhusiwa kwenda. Luwum akabakizwa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Mwili ulipofikishwa Mucwini, walioutazama waliona matundu ya risasi.

Kampala walinyimwa hata maiti. Hata hivyo, Jumapili ya tarehe 20 maelfu walijaa Namirembe, ambako kaburi lilikuwa limeshachimbwa karibu na la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Kaburi lilikuwa tupu, lakini watu waliimba. Mwaka huo ndio Kanisa lao lilikuwa linatimiza miaka 100.

Amin alikimbia Kampala Aprili 1979 majeshi yetu yalipoingia. Sanamu ya Luwum ipo Westminster Abbey, London, tangu mwaka 1998, na Uganda Februari 16 ni sikukuu ya taifa.

Lakini sanamu zote hizo zilikuja baadaye. Siku anashika kalamu hakukuwa na sanamu, kulikuwa na nyumba iliyopekuliwa na mke na watoto wa kufikiria. Nadhani imani hupimwa hapo, wakati kukaa kimya bado kunawezekana na hakuna atakayekulaumu.

Wengi wetu hatutaitwa mbele ya bunduki. Tutaletewa bahasha, risiti ya kughushi, au bosi anayetaka tuseme uongo kidogo tu. Jumapili tunaimba vizuri sana. Swali langu kwako, na kwangu pia: Jumatatu asubuhi, jina lako utaliweka wapi?