Vibarua wa Tumbaku Waliogeuka Wachongaji

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na katika uchongaji wa sanamu usemi huo umechukuliwa kama sheria. Historia ya karakana za Ulaya inaelekea kuuthibitisha: mvulana aliingia akiwa bado mdogo, akafagia vumbi na kunoa vyuma kwa miaka kadhaa, ndipo akaruhusiwa kugusa marumaru. Aliyechelewa alihesabiwa kuwa amepitwa. Hata hivyo, kaskazini mwa Zimbabwe, karibu na mji wa Guruve, kuna mahali panapoitwa Tengenenge ambapo watu wazima, wengi wao vibarua wa shamba ambao hawakuwahi kuingia chuo chochote cha sanaa, walianza kuchonga sura za watu, wanyama na mizimu katika jiwe gumu, na kazi zao zikaingia katika majumba ya sanaa ya dunia. Hoja yangu ni kwamba hawakufaulu licha ya kuchelewa. Umri waliokuwa nao walipoanza ni sehemu ya sababu za kufaulu kwao.

Chanzo chenyewe kilikuwa msukosuko wa kisiasa. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kutoka Uingereza ili kuuzuia utawala wa Waafrika walio wengi. Vikwazo vya kiuchumi vilifuata, na tumbaku, zao kuu la walowezi, ikakosa soko. Mmoja wa walioumia alikuwa Tom Blomefield, mwenye shamba la Tengenenge. Ardhi yake ilikuwa juu ya Great Dyke, safu ya miamba ya kale inayoikata nchi kwa zaidi ya kilomita 500, na ndani ya miamba hiyo mna serpentini, jiwe la kijani, kahawia au jeusi linalokubali kukatwa na kung'arishwa. Mwaka 1966 mchongaji kijana, Crispen Chakanyuka, alimfunulia kwamba utajiri ulikuwa chini ya miguu yake. Blomefield, aliyezaliwa 1926, akashika nyundo mwenyewe akiwa na miaka 40, na akawafungulia mlango vibarua wake. Wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Malawi, Msumbiji na Angola, watu waliokuja kutafuta mshahara na sasa mshahara wenyewe umeyeyuka.

Mwaka uliofuata alifika Henry Munyaradzi, aliyezaliwa 1931. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, amekwisha kupita katika kazi nyingi za mikono, na alikuwa hana ajira. Hakuna aliyemfundisha kuchonga. Tazama alichokifanya: uso wa binadamu kwake ni mraba au duara, macho ni miduara midogo, pua ni mistari iliyonyooka, na mara nyingine kichwa kizima kinakaribia umbo la jani. Mwanafunzi wa chuo angeona aibu kuishia hapo. Angetaka kuonyesha kwamba anazijua kope na mikunjo ya shingo, kwa sababu mwalimu atampa alama. Munyaradzi hakuwa na wa kumwonyesha. Alikuwa mtu mzima mwenye imani, jamaa na hadithi alizozisikia kwa miongo mitatu, na aliondoa katika jiwe kila kisichohusika na habari hiyo.

Mtu anaweza kujibu kwamba huo ni ufukara wa ujuzi uliopewa jina zuri: alichonga hivyo kwa kuwa hakuweza vingine. Pingamizi hili lina uzito, lakini sanamu zenyewe zinalijibu. Asiyejua hukosea ovyo. Leo jicho limekaa juu, kesho limekaa chini, na kingo zinayumba. Katika kazi za Munyaradzi mistari ni ile ile imara, nafasi kati ya jicho na jicho imepimwa, na uso wa jiwe umesuguliwa kwa uangalifu hadi mwisho. Alishikilia lugha hiyo hadi alipofariki 1998. Kutojua hakuwezi kuwa na msimamo wa miaka thelathini.

Nikubali pia kwamba jiwe liliwasaidia. Serpentini si marumaru wala shaba. Shaba hudai tanuri na kalibu, na mtu hawezi kujifunza hayo peke yake chini ya mti. Serpentini hudai sururu ya kuichimbua, nyundo, tindo, tupa, msasa na maji. Mwishowe jiwe hupashwa moto na kupakwa nta ili rangi yake iive. Hizi ni kazi za mwili uliozoea kazi. Mtu aliyechimba mitaro, kupasua kuni na kunoa majembe kwa miaka ishirini anajua pigo zito linapaswa kuishia wapi, na anajua chuma kinavyolia kinapokutana na ufa. Kwa hiyo tunaposema walianza bila mafunzo, tuseme kwa usahihi zaidi: walianza bila mafunzo ya sanaa. Mikono yao ilikuwa imefunzwa muda mrefu, na tofauti hii hupuuzwa na wanaodhani ujuzi wa mkulima au fundi hufa anapobadili kazi.

Wengine huona asili ya sanaa hii katika magofu ya Great Zimbabwe, yaliyotoa ndege wanane wa jiwe la sabuni. Fahari hiyo naielewa, lakini hoja yenyewe siikubali. Mji ule ulihamwa katika karne ya 15, na hakuna mnyororo wa mafundi wa mawe unaofika kutoka pale hadi shamba la tumbaku la 1966. Isitoshe, wachongaji wengi wa Tengenenge hawakuwa Washona, watu wanaohusishwa na mji ule. Waliotoka Malawi na Angola walitoka katika nchi zenye vinyago vya mbao vinavyochezwa ngomani, na bila shaka waliyabeba maumbo hayo akilini. Lakini kinyago ni chepesi, kinavaliwa na kusogea pamoja na mchezaji, na jiwe la kilo mia mbili linataka fikra nyingine kabisa.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya Zimbabwe yenyewe. Nicholas Mukomberanwa, ambaye wengi humweka miongoni mwa mabingwa wa kizazi kile, hakuanza ukubwani. Akiwa mvulana alisoma misheni ya Serima, ambako padri Mswisi John Groeber aliwafundisha wanafunzi kuchonga mbao na kulipamba kanisa lao. Bernard Matemera, dereva wa trekta wa Tengenenge aliyechonga miili mikubwa yenye vidole vitatu, alikuwa na miaka ishirini tu alipoanza. Siwezi kuwageuza hawa kuwa wazee ili hoja yangu inyooke. Hata hivyo Mukomberanwa alikuwa askari polisi kwa miaka mingi, akichonga katika muda wake wa ziada, na aliiacha kazi hiyo katika miaka ya 1970, baada ya kupita umri wa miaka thelathini. Naye Joram Mariga, anayeitwa baba wa uchongaji wa mawe wa Zimbabwe, alizaliwa 1927 katika ukoo uliojua kuchonga mbao, lakini jiwe alilianza akiwa bwana shamba huko Nyanga, mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwanzoni alichonga vyombo tu. Sura za watu zilikuja baadaye.

Je, si wazungu waliowaumba? Frank McEwen, mkurugenzi wa jumba la sanaa lililofunguliwa Salisbury (Harare ya leo) mwaka 1957, alichagua na kusifu, kisha akazifikisha kazi za wachongaji wa karakana yake hadi jumba la Rodin, Paris, mwaka 1971. Mauzo ya Tengenenge yalipita mikononi mwa Blomefield. Nguvu hiyo ilikuwa halisi, na haikuwa ya haki kila mara katika nchi iliyomnyima Mwafrika kura na ardhi. Lakini mnunuzi huchagua kati ya vilivyokwisha kuchongwa. McEwen aliwahimiza wachongaji wa karakana yake wachote katika imani za jadi, na imani hizo hakuwa nazo yeye. Walikuwa nazo watu wazima waliokwisha kuzika wazazi, kuoa, kuhama na kulala njaa.

Tofauti ilionekana soko lilipokua. Vijana wengi waliingia mapema, wakaona sanamu ipi inanunuliwa, wakaichonga tena na tena hadi njia za watalii zikajaa vichwa visivyotofautiana. Mkono wao ulikuwa mwepesi kuliko wa Munyaradzi. Walichokosa ni miaka ile ambayo yeye aliitumia kuishi kabla hajajua kwamba kuna mtu angenunua jiwe.