Nyasi Ndani ya Nyasi

Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilimkuta mjomba wangu ameketi katikati ya shamba lake, huko Arumeru, kama mtu aliyefiwa. Ekari mbili za mahindi yaliyofika magotini zilikuwa za manjano. Sangari nayo ilikuwa imekauka, hilo silikatai. Dawa ilifanya kazi yake! Ila ilimaliza kila kilichokuwa kijani.

"Kwani mjomba, dukani uliomba nini?"

"Dawa ya magugu, mpwa wangu. Wakanipa hii."

Ndugu msomaji, sisi vijana wa mjini tukisikia habari za palizi hufungua ukurasa mwingine. Usifungue. Siku ile ndipo nilipoelewa jambo ambalo mwalimu wa baiolojia alilisema nikiwa nasinzia: mahindi ni nyasi. Ngano, mpunga, mtama na ulezi, zote nyasi. Kwa hiyo anayetaka kuua nyasi ndani ya mahindi anatafuta sumu itakayoingia nyumba moja, imuue ndugu mmoja na kumwacha mwenzake amelala. Historia ya dawa hizi, kwa maoni yangu, ni historia ya kuitafuta sumu hiyo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza na Wamarekani walifanya utafiti wa siri juu ya kemikali zinazoiga homoni za mimea. Mwaka 1945 dawa iitwayo 2,4-D ikaanza kuuzwa Marekani. Magugu ya majani mapana yalikua ovyo, yakajipinda, yakafa. Nafaka zikabaki zimesimama. Watu wakashangilia. Kumbe majani mapana yalipoondoka, nyasi ndizo zilizopata nafasi ya kujitanua!

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Geigy ya Uswisi ikaleta atrazini. Mahindi huivunjavunja sumu hii mwilini kabla haijayadhuru. Safi sana, ila baadhi ya nyasi pori, kwa kuwa ni za ukoo huohuo, nazo zinaujua ujanja huo.

Halafu ikaja ile ya mjomba. Mwaka 1970 John Franz, mkemia wa Monsanto huko Marekani, aligundua kwamba glaifoseti huua magugu. Mwaka 1974 ikaingia sokoni. Hii haichagui. Huingia kwenye jani, ikateremka hadi kwenye vile vipingili vyeupe vya sangari vinavyotambaa chini ya udongo, ambavyo ukivikata kwa jembe kila kipande huchipua. Bibi alipigana navyo maisha yake yote. Ndiyo maana dawa hii hupigwa kabla ya kupanda. Kabla! Neno hilo lilikuwepo kwenye chupa, kwa Kiingereza, kwa herufi za ukubwa wa chawa.

Wamarekani wakaona wabadilishe mmea wenyewe: soya mwaka 1996, mahindi mwaka 1998, vinasaba vikachezewa ili glaifoseti isiyadhuru.

Lakini nyasi hazikukaa kimya. Australia kuna nyasi iitwayo raigrasi, iliyopandwa zamani kwa malisho ya kondoo, ikahamia kwenye ngano. Mwaka 1982 iliripotiwa kwamba raigrasi nyingine haziuliki tena kwa diklofopu, dawa iliyokuwa na miaka michache tu mashambani. Mwaka 1996 ikawa zamu ya glaifoseti. Si uchawi, jamani. Katika mamilioni ya mbegu, chache huzaliwa na kinga. Dawa huwaua wenzao na kuziachia shamba. Mkulima mmoja wa Australia Magharibi, Ray Harrington, akaunda mashine ya kusaga mbegu za magugu wakati wa kuvuna. Yaani baada ya kemia yote ile, tumerudi kwenye kusaga!

Mjomba hakusubiri mashine. Glaifoseti hushikwa na udongo, basi alipanda maharage palepale, na mwaka ule tulikula maharage mpaka tukachoka. Msimu uliofuata sangari ilivuka kutoka kwa jirani, ikipita chini ya ua. Mjomba akainama, akaishika kile kichwa chake cheupe.

"Karibu, shemeji," akaiambia, kisha akanituma jembe.