Kutoka Machinjio ya Chicago hadi Jelatini ya Quantico: Historia ya Kupima Risasi za Bastola na Nafasi ya Risasi Nyepesi za Polima

1.0 Utangulizi

Neno risasi limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako linataja madini yale mazito na laini ambayo kwa karne nyingi yalikuwa malighafi ya vichwa vya risasi. Kwa hiyo, kutaja risasi iliyotengenezwa kwa unga wa shaba uliochanganywa na polima, bila chembe ya madini ya risasi, ni kutumia jina ambalo limekwisha kuachana na asili yake. Risasi za aina hiyo zilianza kuuzwa nchini Marekani katikati ya miaka ya 2010 kwa raia wanaobeba bastola kwa ajili ya kujilinda. Watengenezaji walidai kwamba ingawa ni nyepesi, zinamzuia mshambuliaji sawasawa na zile nzito, au kuzishinda.

Insha hii haikusudii kuthibitisha wala kukanusha dai hilo kwa majaribio. Swali lake ni la kihistoria: vigezo vinavyotumika kuihukumu risasi ya bastola vilitoka wapi, na vinastahili kuaminiwa kwa kiasi gani? Hoja kuu ni kwamba kila kizazi kilijiundia kipimo kutokana na tukio moja la kushindwa, na kwamba maendeleo yalipatikana pale tu watafiti walipoacha swali pana la “nguvu ya kusimamisha” na kuuliza jambo dogo linalopimika.

2.0 Asili ya Kikoloni ya Swali, 1895–1911

Dhana ya risasi inayomsimamisha mtu papo hapo ilikomaa katika vita vya kikoloni. Baada ya kampeni ya Chitral ya mwaka 1895, maofisa wa Uingereza nchini India walilalamika kwamba risasi mpya nyembamba zilipita mwilini bila kumwangusha adui. Kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, kilijibu kwa kutengeneza risasi yenye ncha laini inayopanuka inapogonga mwili. Katika mkutano wa The Hague wa mwaka 1899, mjumbe wa Uingereza, John Ardagh, aliitetea risasi hiyo kwa hoja kwamba watu aliowaita washenzi huendelea kushambulia hata wakiwa na majeraha. Mkutano uliipiga marufuku katika vita baina ya mataifa yaliyotia saini. Uingereza na Marekani zilipinga.

Malalamiko kama hayo yalisikika Ufilipino. Jeshi la Marekani lilikuwa limechukua bastola ya kipenyo cha inchi 0.38 mwaka 1892 badala ya ile ya 0.45. Katika mapambano dhidi ya Wamoro, Waislamu wa Mindanao na Sulu, askari waliripoti kwamba wapiganaji waliopigwa risasi kadhaa waliendelea kusonga mbele na panga zao. Ripoti hizo zilitoka kwa watu waliokuwa katika hofu ya kufa, na ni nadra kueleza risasi iligonga wapi. Hata hivyo, zilitosha kuitia jeshi shaka.

Mwaka 1904, John T. Thompson wa idara ya silaha na tabibu Louis LaGarde waliendesha majaribio katika machinjio ya Chicago. Walipiga risasi ng’ombe na farasi walio hai, pamoja na maiti za binadamu zilizoning’inizwa. Kwa maiti, waliangalia kuvunjika kwa mifupa na kukadiria kwa macho jinsi mwili ulivyoyumba. Kwa wanyama, walingoja kuona ni wakati gani wangeanguka. Idadi ya wanyama ilikuwa ndogo, sehemu zilizopigwa hazikulingana, na utaratibu ulibadilishwa katikati ya kazi. Licha ya hayo, ripoti ilipendekeza kipenyo kisichopungua inchi 0.45, na pendekezo hilo likazaa bastola ya M1911 iliyobuniwa na John Browning.

Jambo linalosahaulika ni tahadhari ya watafiti wenyewe. Walikiri kwamba hakuna risasi ya bastola inayoweza kutegemewa kumsimamisha mtu isipogonga kiungo nyeti, na wakasisitiza askari wafundishwe shabaha bila kuchoka. Pendekezo la kipenyo lilikumbukwa. La shabaha halikuvuma. Silaha hununuliwa kwa siku moja, ilhali ustadi hudai miaka.

3.0 Miami na Kuzaliwa kwa Kipimo cha Kina

Tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wanane wa FBI walipambana na wanyang’anyi wawili wa benki mjini Miami. Maofisa wawili, Jerry Dove na Benjamin Grogan, waliuawa, na wengine watano walijeruhiwa. Mapema katika mapambano, risasi ya milimita 9 ilipenya mkono wa mnyang’anyi Michael Platt, ikaingia kifuani na kukomea karibu na moyo bila kuufikia. Platt aliendelea kupigana na kusababisha maafa makubwa kabla ya kufa.

Lawama iliangukia risasi hiyo. Ni kweli kwamba haikufika mbali. Hata hivyo, tukio lilikuwa na sababu nyingine: Platt alikuwa na bunduki ya rashasharasha nusu, aina ya Mini-14, ilhali wengi wa maofisa walikuwa na bastola tu. Kama ilivyokuwa Ufilipino, maelezo yanayohusu kifaa yalipata nafasi kuliko yale yanayohusu mazingira ya pambano.

Pamoja na dosari hiyo, tukio lilizaa kipimo bora. Mwaka 1987 FBI iliwakutanisha wataalamu wa majeraha huko Quantico. Miongoni mwa walioathiri mjadala huo ni Martin Fackler, tabibu wa jeshi aliyekuwa ameonyesha kwamba jelatini ya asilimia 10, ikiandaliwa kwa uangalifu, hukaribia ukinzani wa misuli. Ulianzishwa utaratibu wa kupiga risasi kwenye jelatini, ikiwa wazi na ikiwa nyuma ya nguo nzito, bati, mbao, ukuta mwepesi na kioo cha gari. Kina kilichotakiwa kilikuwa kati ya sentimita 30 na 46. Mantiki yake ilitoka moja kwa moja Miami: risasi huenda ikalazimika kupita mkononi kabla ya kukifikia kifua.

FBI kwanza ilihamia kwenye risasi za milimita 10, kisha zile za inchi 0.40 zilizotoka mwaka 1990. Mwaka 2014 idara yake ya mafunzo ilieleza sababu za kurejea milimita 9. Risasi za kipenyo hicho zilikuwa zimeboreshwa hadi kukidhi kipimo, na maofisa wengi walizipiga kwa haraka na shabaha nzuri zaidi. Tahadhari ya mwaka 1904 ilikuwa imerudi baada ya zaidi ya karne moja.

4.0 Vipimo Vilivyoshindwa

Njia mbili mbadala zinafaa kutajwa. Ya kwanza, ya miaka ya 1970, ilizipa risasi alama kwa kuzingatia zaidi uwazi wa muda, yaani kutanuka kwa nyama kwa sehemu ndogo mno ya sekunde risasi inapopita. Ilizipendelea risasi nyepesi zenye kasi. Udhaifu wake ni kwamba misuli na mapafu hunyumbuka na kurudi. Ni viungo kama ini na ubongo ndivyo vinavyopasuka kwa urahisi.

Njia ya pili ilikuwa ya takwimu. Katika kitabu chao cha mwaka 1992, Evan Marshall na Edwin Sanow walikusanya matukio halisi na kukokotoa asilimia ya washambuliaji waliozuiwa kwa risasi moja. Matukio ambamo risasi zaidi ya moja zilimpata mtu yaliachwa nje ya hesabu. Kwa hiyo, risasi iliyoshindwa mara ya kwanza na kumlazimu mpigaji aendelee haikuhesabiwa kuwa imeshindwa. Zaidi ya hayo, mtu anayekimbia kwa hofu huwekwa fungu moja na aliyeanguka kwa kupasuka moyo.

5.0 Risasi ya Polima Mbele ya Historia Hii

Risasi ya ARX, iliyobuniwa na kampuni ya PolyCase ya jimbo la Georgia, hutengenezwa kwa kukandamiza mchanganyiko wa shaba na polima katika kalibu. Haipanuki. Badala yake ina mifereji iliyopinda ambayo, kwa maelezo ya watengenezaji, husukuma majimaji ya mwili pembeni. Ile ya milimita 9 ina takriban gramu 5.2, ilhali za kawaida huwa kati ya gramu 7.5 na 9.5.

Hesabu rahisi huonyesha kiini cha mjadala. Gramu 5.2 kwa kasi ya mita 440 kwa sekunde hubeba jouli zipatazo 503, gramu 9.5 kwa mita 300 hubeba jouli zipatazo 428. Kwa nishati, risasi nyepesi inashinda. Lakini kwa momenta, yaani uzito-tungamo mara kasi, ya kwanza ina 2.29 na ya pili 2.85. Tangazo linalotaja nishati pekee limechagua mizani kabla ya kupima.

Faida zake ni halisi. Momenta ndogo hupunguza teke la bastola, jambo linalomsaidia mwenye mkono dhaifu kurudisha shabaha upesi. Aidha, kutokuwapo kwa madini ya risasi kunapunguza sumu katika kumbi za kulengea shabaha. Kwa kuwa haipanuki, inaweza pia kupenya vya kutosha ingawa ni nyepesi. Gharama yake inaweza kuwa tundu jembamba la kudumu, na madai kwamba mifereji hufidia upungufu huo yanaegemea mvurugo wa pembeni, yaani kigezo kinachofanana na kile cha miaka ya 1970. Kwa hiyo, mzigo wa uthibitisho uko kwa anayedai. Unahitaji majaribio huru, jelatini iliyoandaliwa sawasawa, na kipimo cha kina na cha tundu linalobaki baada ya nyama kurudi mahali pake.

6.0 Hitimisho

Historia iliyochunguzwa inaonyesha kwamba wanadamu wametafuta katika kifaa uhakika ambao kifaa hakiwezi kuutoa. Chicago ilitoa kipenyo, Miami ikatoa kina, na sasa polima inaahidi kasi na mifereji. Anayenunua risasi ya kujilinda huweka rehani maisha yake, na pia ya mtu aliye nyuma ya ukuta mwepesi. Kwake, swali la kwanza lisiwe risasi hii ina nguvu kiasi gani, bali nguvu hiyo imepimwa na nani, kwa kipimo kipi, na ni matokeo gani yaliyoachwa nje ya hesabu.