Ukarabati wa kabureta ya trekta la Ford 8N

Kabureta ya Ford 8N ni kifaa kinachochanganya petroli na hewa katika injini ya trekta la Ford 8N, lililotengenezwa nchini Marekani kuanzia mwaka 1947 hadi 1952. Matrekta mengi ya aina hiyo bado hufanya kazi au hutunzwa na wapenzi wa mashine za zamani, na kabureta ni mojawapo ya sehemu zinazohitaji ukarabati mara kwa mara.

Muundo

Kabureta hiyo ni ya aina ya TSX ya kampuni ya Marvel-Schebler. Mwili wake ni wa chuma cha kusubu, na una nusu mbili. Nusu ya chini ni bakuli la petroli. Nusu ya juu hubeba boya, sindano yake na kipepeo, yaani kibati cha duara kinachofungua na kufunga njia ya kuelekea silinda. Hewa hupita ndani yake kutoka chini kwenda juu.

Trekta halina pampu ya mafuta: petroli hushuka yenyewe kutoka tangi lililo juu ya injini. Bakuli linapojaa, boya hupanda na kuisukuma sindano izibe tundu la kuingizia. Sindano ikilika au ikinaswa na uchafu, bakuli hufurika na petroli hudondoka karibu na injini yenye joto. Kwa sababu ya hatari hiyo ya moto, valvu iliyo chini ya tangi inapaswa kufungwa kila trekta linapoegeshwa.

Uchunguzi wa awali

Kasoro nyingi zinazodhaniwa kuwa za kabureta hutokana na plagi, nyaya za umeme, kichujio cha hewa kilichoziba au mafuta yasiyofika. Injini ikiwa baridi, kizibo cha chini ya bakuli hufunguliwa juu ya chombo. Petroli ikitoka kidogo kisha kukatika, uchafu hutafutwa kwanza kwenye tangi, kwenye kikombe cha kunasia uchafu na kwenye kichujio kidogo cha mlango wa kabureta.

Kufungua na kusafisha

Baada ya valvu kufungwa na betri kutenganishwa, kabureta hutolewa na nusu zake kuachanishwa. Sindano za kurekebishia, jeti na boya hutolewa kabla ya mwili kulowekwa kwenye dawa ya kusafishia. Vijia vyote hupulizwa kwa upepo wa kompresa. Kuvitoboa kwa waya mgumu hupanua matundu na kuharibu vipimo.

Boya la shaba nyeupe hupimwa kwa kuzamishwa katika maji ya moto. Mapovu yakitoka, boya limetoboka na linafaa kubadilishwa. Sindano ya boya na kiti chake hubadilishwa pamoja, kwa kuwa hulika kwa kufuatana.

Mhimili wa kipepeo

Gasketi na sindano mpya haziondoi uchakavu wa mhimili wa kipepeo. Mhimili ukilegea katika matundu yake, hewa huingia pembeni na injini hukosa utulivu inapounguruma polepole, hata kama kabureta ni safi. Tiba yake ni mhimili mpya, na mara nyingi matundu huchongwa na kutiwa bushi.

Kuunganisha na kurekebisha

Nusu ya juu ikiwa imepinduliwa, nafasi kati ya gasketi na boya huwekwa kuwa robo inchi, yaani takriban milimita 6. Sindano za kurekebishia hufungwa taratibu hadi ziguse, bila kukazwa, kisha hulegezwa takriban mzunguko mmoja kama hatua ya kuanzia. Marekebisho ya mwisho hufanywa injini ikiwa na joto. Injini ikisita inapoongezwa mafuta ghafla, sindano kuu hufunguliwa kidogo. Moshi mweusi ukitoka, hufungwa kidogo. Kabla ya trekta kurudi kazini, valvu huachwa wazi kwa dakika kadhaa injini ikiwa imezimwa, ili kuhakikisha hakuna mahali panapovuja.