Mgeni wa Shambani, Mgeni wa Ziwani

Mwaka 2011, Mark Davis na wanaikolojia wenzake 18 waliandika katika jarida la Nature kwamba mmea au mnyama asihukumiwe kwa alikotoka, bali kwa anachofanya. Wanasayansi 141, Daniel Simberloff akiwa msemaji wao, walipinga: madhara ya spishi ngeni huweza kuchelewa kuonekana, na yakionekana wakati wa tiba umekwisha kupita. Mwambao wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, unaonyesha kwamba pande zote mbili zina haki, ila si mahali pamoja. Hoja ya Davis inafaa nchi kavu. Ikipelekwa ziwani ni hatari.

Chukua mchikichi. Asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, lakini mpelelezi Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 tayari mawese yalikuwa bidhaa ya ziwa hili. Leo Rumonge ndiyo kitovu cha mawese ya Burundi, na hakuna anayedai michikichi ing'olewe kwa kuwa ni migeni. La kuuliza ni inapandwa wapi, kwa sababu mabaki ya miombo katika hifadhi ya Rumonge yamebanwa na mashamba na uchomaji makaa. Mkaratusi wa Australia nao upimwe hivyo hivyo: kando ya chemchemi hunyonya maji, kwenye mlima uliokwisha kuwa mtupu hutoa nguzo na kuni ambazo zingekatwa hifadhini. Ukikosewa mahali, panga lipo.

Ziwani panga halisaidii. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na mamia ya spishi za samaki, nyingi zisizopatikana kwingine duniani. Katika Ziwa Victoria, sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 alichangia kutoweka kwa spishi nyingi za furu. Aliajiri pia maelfu ya watu, kuanzia wavuvi hadi viwanda vya minofu vya Mwanza, na hapo ndipo penye hofu kubwa zaidi: mgeni wa majini akishakuwa riziki ya watu, mjadala wa kumwondoa unafungwa.

Watetezi wa kuhamisha samaki hutaja Ziwa Kivu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 lilipandikizwa Limnothrissa miodon, mmoja wa ndagala wa Tanganyika, ambaye sasa huitwa sambaza na hulisha Goma, Gisenyi na Bukavu. Mfano huo ni wa kweli. Lakini maji ya wazi ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula viumbe vidogo vinavyoelea humo, na hata hivyo viumbe hivyo vilipungua baada ya sambaza kuingia. Tanganyika halina nafasi tupu ya namna hiyo: ndagala na mukeke wameishi humo tangu kale.

Mgeni wa majini si samaki tu. Gugumaji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, limekwisha kuonekana katika maji ya Burundi. Huko Victoria, Uganda ilianza kuachia fukusi wa Neochetina mwaka 1995 ili walile, nao ni wageni kutoka bara lile lile. Tofauti yao na sangara ni kwamba walichunguzwa kwanza kuthibitisha kwamba hawatahamia mimea mingine.

Mkataba wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini mwaka 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ulizaa Mamlaka ya Ziwa yenye makao Bujumbura. Kazi yake ya dharura iko kwenye mabwawa ya samaki. Bwawa lililochimbwa katika uwanda wa Imbo, kando ya ziwa, likifurika, samaki waliomo huishia ziwani, na mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda hadi kuingia majumbani. Kwa hiyo mfugaji wa Rumonge apewe vifaranga vya Oreochromis tanganicae, perege wa ziwa hili, na ombi la kuleta samaki wa nje likataliwe kabla hata ya hesabu ya faida kufanywa.