Benson Wanjau (Mzee Ojwang')

Benson Wanjau (1937 – 12 Julai 2015) alikuwa mwigizaji wa vichekesho vya televisheni nchini Kenya. Watazamaji walimjua kama Mzee Ojwang' Hatari, mzee wa Kijaluo aliyemwigiza kwa miongo kadhaa katika kipindi cha Vitimbi, mkewe akiwa Mama Kayai (Mary Khavere). Alionekana pia katika Vioja Mahakamani.

Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu, na hapo ndipo ulipo ukubwa wa kazi yake. Kijaluo hakina sauti za z, v wala sh; mzee aliyekulia ndani ya lugha hiyo akizungumza Kiswahili, "shida" huweza kuwa "sida" na "wazee" wakawa "wasee". Kuigiza makosa hayo matupu ni rahisi, na wachekeshaji wengi huishia hapo. Wanjau alimjenga mtu mzima: mkali, mwenye majivuno, mwepesi wa kuingia matatani, lakini mwenye heshima yake. Watu wengi waliamini kwamba ni Mjaluo wa kuzaliwa.

Kipimo kigumu kilikuwa sehemu kama Homa Bay na Migori, zilizokuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini hadi miaka ya 1990. Huko Kiswahili cha namna hiyo ndicho cha babu wa nyumbani, na lafudhi ya kubahatisha hutambulika mara moja. Tena hapakuwa na pa kumkwepa. Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, Kenya ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni, Sauti ya Kenya, iliyokuja kuitwa KBC. Hata ng'ambo ya mpaka wa Migori, Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Penye seti, hata iliyowashwa kwa betri ya gari, majirani walijaa sebuleni, na Ojwang' akawa mzee wa kila boma.

Umaarufu huo haukumpa utajiri. Uzeeni macho yake yalififia, na Wakenya wakachanga fedha ili atibiwe. Ni aibu kwamba msanii wa kiwango chake alihitaji mchango. Alifariki kwa nimonia katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78.